Mashine ya Maji na Usingizi wa Mama

Jumatatu, 6 Mei

Imeamuliwa. Kompyuta imebakiza mwezi mmoja humu.

Mama alisimama mlangoni mwa chumba chetu saa kumi, ndiyo kwanza anaamka, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, macho mekundu. Hakupaza sauti. Mama mkwe wangu hapazi sauti, ndiyo maana anasikilizwa. Alisema anaamka saa tisa usiku kwenda kuchoma mikate ya mtaa mzima, anarudi saa sita mchana, na kuanzia saa saba hadi saa kumi ndio usiku wake. "Sasa usiku wangu mimi una ndege inayoruka ndani."

Ndege ni kompyuta yetu. Sikubisha, ningebisha nini? Kadi ya picha ikipata moto, feni zake hulia kama mashine ya kusaga. Na ukuta wa majengo haya ya zege — ukipiga chafya, jirani wa juu anakuombea afya.

Kubat, shemeji yangu mkubwa, anakuja kutoka Kara-Balta Jumapili ya tarehe tisa Juni kutuletea unga. Mama amesema gari lisirudi tupu. Lirudi na kompyuta. Watoto wa Kubat wataichezea huko shambani, wawasumbue ng'ombe.

Nikasema: nikiifanya inyamaze je, Mama?

Akasema ikinyamaza ibaki. Yeye hana ugomvi na kitu asichokisikia.

Basi. Kabla ya Kubat kuja, inyamaze. Nimeandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 8 Mei

Eldiyar, mume wangu, amecheka nilipomwambia habari ya ndege. Kisha akaacha kucheka.

Yuko Korea, kiwanda cha plastiki, zamu ya usiku. Anaamka wakati mimi natoka shuleni, nimeshamaliza hesabu za darasa la sita na la saba na kichwa kinagonga. Saa saba mpaka saa kumi ndizo saa zetu. Ni zilezile za usingizi wa Mama. Hatuna nyingine. Jioni yeye yuko mashineni, asubuhi mimi niko ubaoni, Jumapili analala kama mfu.

Watu wanasema, si mpigiane simu. Tunapigiana, hata kwa video. Kwenye simu tunaulizana umekula nini, halafu kila mmoja anatazama paji la uso la mwenzake. Kwenye gemu mikono ina kazi. Yeye anakata miti, mimi nasimamisha ukuta, mbwa mwitu wanalia huko msituni, na katikati ya hayo mtu anasema jambo la kweli. Tumejenga nyumba tatu humo tangu aondoke. Ya kwanza iliungua. Kosa lake, ingawa anakana hadi leo.

Ndivyo tulivyokutana hata mwanzo, kwenye klabu ya kompyuta karibu na chuo. Nilimpiga raundi zote. Akaninunulia sambusa ya nyama akasema sasa tumelingana. Hesabu ile sijawahi kuielewa na mimi ndiye mwalimu wa hesabu.

Kompyuta ikiondoka nabaki na paji la uso. Nimesema.

(Jina la Mama silitaji, hata humu. Mkazamwana halitaji jina la mama mkwe. Mkono wenyewe umeshazoea.)

Jumamosi, 11 Mei

Soko la kompyuta. Damir, yule muuzaji mwenye ndevu za kahawia, alitaka kuniuzia feni kubwa zaidi. Nikamwambia feni kubwa bado ni feni. Akajikuna, akasema basi maji. Maji yanazunguka kwenye mipira, yanabeba joto, yanakwenda kulitupa nje. Feni moja tu, ya kuzunguka polepole.

Akaniwashia mfumo mzima wa maji uliounganishwa tayari, una taa za zambarau, unang'aa kama duka la simu. Nikatega sikio. Pampu inavuma: nnnnn. Kwa Mama hiyo ni nzi chumbani. Hapana.

Nimechukua mabamba mawili ya shaba ya kupitisha maji, mitumba, kutoka kwa wale waliokuwa wakichimba sarafu za mtandaoni wakafilisika. Moja la prosesa, moja la kadi ya picha. Yana mikwaruzo lakini hayavuji. Damir akauliza, hii ni ya kaka yako? Nikasema ni ya mama mkwe wangu. Akaacha kuuliza.

Jumapili, 12 Mei

Mama amenunua karatasi za ukutani za chumba chetu. Tulikwenda pamoja, tukabishana polepole kama tunavyobishana sisi, tukakubaliana rangi ya krimu yenye majani madogo. Mkataba wa Eldiyar unaisha Oktoba. "Asije akakuta chumba cha kizee," anasema. Kondoo wa sherehe yuko kwa Kubat, anakula kuliko watoto wa nyumba.

Ninapenda anavyoizungusha ile Oktoba mdomoni. Kama peremende.

Maji ya moto ya bomba yamekatwa mji mzima, kama kila Mei. Nimemchemshia birika anawe kichwa.

Jumanne, 14 Mei

Gereji ya Mjomba Sagyn, kaka yake mama yangu mzazi. Eldiyar ndiye alinituma: zamani, anasema, kabla ya mitambo ya kuagiza, vijana wa huku walipoza kompyuta zao kwa rejeta ya hita ya gari la Zhiguli. Ile ndogo ya shaba inayopasha miguu joto wakati wa baridi.

Mjomba alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Mpwa wangu, hita inapasha joto. Wewe unataka ipoze?"

Nikamweleza: ni jambo lilelile, Mjomba, inatoa joto ndani ya maji na kulimwaga chumbani.

"Kwa hiyo mtacheza huku mnachemka."

"Tutafungua dirisha."

Akaipata chini ya matairi ya theluji. Nzito, imeoza pembeni, lakini shaba tupu. Alumini sikutaka, kila mtu kwenye mtandao anasema usichanganye na shaba, zinatafunana. Tuliisuuza kwa siki, yakatoka maji meusi ya miaka yote ya huyo mwenye gari. Mjomba akachomelea midomo miwili ya kuingizia mipira. Ya kwanza ilivuja, akalaani. Ya pili akaibusu.

Nilimpelekea maandazi ya boorsok ya Mama. Alikula bakuli zima amesimama. "Mwambie mkwe mwenzetu nimeozesha gari kwa kompyuta, na mahari nimekula mimi."

Alhamisi, 16 Mei

Mama alikwenda kwa jirani kwenye sherehe ya mtoto anayeanza kutembea, ile ya kumkata kamba za miguu. Mchana mzima. Kwa hiyo leo tulicheza kwa mara ya mwisho kabla sijaifumua kompyuta, na ubora wa picha juu kabisa, feni zikipaa.

Alikuwa anachimba kisima. Akasema kitu. Nikasema nini? Akasema tena. Nini, Eldiyar, sikusikii! Akasema mara ya tatu, na hapo hata feni zisingeweza kunisaidia.

Bosi anataka abaki. Mkataba mpya. Na anataka mimi niende. Kuna darasa la Kikorea hapa mjini, nikifaulu mtihani naweza kupata kazi, tungepata chumba chetu wenyewe, chenye mlango wetu. "Wewe na mimi, Nurzat, si huyu mwanaume mwenye shoka kwenye skrini."

Nikauliza, na Mama?

Mbwa mwitu walilia msituni. Akasema Kubat yupo.

Kubat yupo, ndiyo. Lakini Eldiyar ndiye kitinda mimba. Nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho, na mzazi anakaa na mtoto wa mwisho. Hakuna anayelifundisha hili, linajulikana tu. Nilikubali kuolewa nikilijua.

Akasema nisimwambie. Atamwambia mwenyewe, akipata maneno. Nikasema sawa. Nikasema pia nataka kwenda. Nilisema kwa sauti kubwa kabisa, kwa sababu ya feni, na niliposikia sauti yangu nikatazama mlangoni. Hakuna mtu. Alikuwa bado kwenye sherehe.

Koo linaniuma. Miaka miwili nampigia mume wangu kelele na hatujawahi kugombana.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeifumua yote. Meza ya jikoni imejaa skrubu, Mama anazunguka na chai yake akitafuta pa kuiweka.

Mpango: rejeta ya Zhiguli ubavuni, feni moja kubwa nyuma yake inayozunguka kivivu. Pampu ya tangi la samaki imezama ndani ya chupa ya kioo, ile ya lita tatu ya kuwekea juisi ya matunda ya kuchemsha. Mipira kutoka chupani hadi prosesa, hadi kadi, hadi rejeta, kurudi chupani. Kuta za boksi ndani nimezibandika manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa, kipande cha zulia la mama yangu mzazi ambalo nondo walishaanza kulila. Yanameza sauti. Jaribu kupiga kelele ndani ya hema la manyoya, utaona.

Chini ya chupa nimeweka kipande kingine, mara mbili. Mama akatazama. "Umeitandikia godoro."

"Isitetemeshe meza, Mama."

"Mimi godoro langu ni la mwaka gani?" Lakini alikuwa anatabasamu.

Halafu akauliza maji gani. Nikasema maji ya betri, hayana chumvi. Akanusa chupa. Hakupenda. Maji yasiyo na ladha, yasiyotoka mtoni wala bombani, maji ya wapi hayo? Akavua pete yake ya fedha, ile nyembamba ya kidole kidogo, akaitumbukiza. Tin. Maji yakisimama yanaoza, akasema, fedha inayazuia.

Nikamwambia haitaoza, Mama, kuna dawa. Akasema dawa weka, pete iache.

Baadaye nikatafuta mtandaoni. Watu wanaojenga mashine hizi kweli huweka fedha ndani ya maji. Kwenye shaba haina madhara. Nimeiacha. Inakaa chini ya chupa, naiona nikiinama, na kila nikiiona najisikia vibaya. Anaibariki mashine ambamo mwanawe aliniambia harudi.

Jumapili, 19 Mei

Kujaribu mivujo. Umeme haugusi chochote isipokuwa pampu. Karatasi za chooni chini ya kila kiungo, kavu, nyeupe, ili tone likidondoka lionekane.

"Maji na umeme," anasema Mama. "Ndani ya nyumba yangu." Amesema mara nyingi kiasi kwamba sasa anasema kama anahesabu mishono.

Tone lilionekana. Kwenye kadi ya picha, penyewe hasa. Nilikaza kibano, likaja lingine. Mama akaleta tochi bila kuitwa, akainama juu yangu, akamulika. Mikono yake haitetemeki kabisa, ya mtu anayeingiza mkono kwenye tanuri kila siku. "Hapo," akasema. "Si hapo. Kushoto." Kibano kilikuwa kimekaa mshazari. Nikakinyoosha. Pakakauka.

Tulikaa kitako sakafuni tukitazama karatasi, wanawake wawili, kama tunasubiri maziwa yachemke. Akaniuliza kama Eldiyar bado anakohoa. Nikasema amepona. Akasema Oktoba atamkanda kwa mafuta ya kondoo hata akipiga kelele.

Nilisema ndiyo, Mama.

Alhamisi, 23 Mei

Imewaka! Haijaungua, haijavuja, joto la kadi limeshuka hadi sikuamini, nikadhani kipimo kimekufa.

Lakini inakoroma.

Kro. Kro-kro. Kimya. Kro. Si feni — feni huisikii hata ukiweka shavu. Ni chupa. Imekaa vizuri, pampu imezama, haigusi kioo. Na inakoroma kama mzee aliyeshiba.

Saa tisa Mama akatokea. "Ndege imetua," akasema. "Sasa rubani amelala."

Jumapili, 26 Mei

Jana ilikuwa kengele ya mwisho ya mwaka shuleni, watoto wameondoka na maua na kelele. Nina siku nzima nzima sasa, na ninazitumia kuisikiliza chupa.

Nimeongeza manyoya. Nimeitundika pampu kwa nyuzi isiguse chini. Nimebadili mipira. Nimeigeuza rejeta kichwa chini. Kro. Mjomba kwenye simu anasema ni gari hilo, linakumbuka barabara. Hanisaidii huyu mtu.

Hatujacheza tangu ile siku. Ujumbe tu. Umekula nini. Tambi. Wewe? Tambi.

Mama amekwenda ukutani kwetu na utepe wa kupimia. Karatasi zinatosha, anasema, zitabaki kidogo za korido.

Jumanne, 28 Mei

Nataka kujificha chini ya meza.

Nilimpigia Eldiyar kwa video nimwoneshe, aisikie mwenyewe. Nikaizungusha simu polepole: rejeta, mipira, chupa. Akasema rudi kwenye chupa. Nikarudi. Akatazama muda. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Nurzat. Maji umejaza mpaka wapi?"

Mpaka nusu.

"Kwa nini nusu?"

Kwa sababu nusu ndiyo nusu! Kwa sababu tangu niingie nyumba hii namimina chai kila siku, kikombe kwa kikombe, na mkono wangu unasimama wenyewe katikati. Kikombe cha nusu maana yake kaa, nitakuongezea. Ukikijaza umemwambia mgeni anywe aende. Nilimimina maji ya betri nikiwa na chupa nzima ya plastiki mkononi, na mkono ukasimama palepale. Wala sikufikiri.

"Mke wangu, hiyo si kikombe cha mgeni," akasema, na akacheka mpaka wenzake wa bwenini wakamgombeza kwa Kikorea. Maji ni machache, pampu inavuta hewa pamoja na maji, hewa inapita kwenye mipira. Ndiko kukoroma kwenyewe. Mwalimu wa hesabu!

Nimekwenda kujaza. Nilipovuka nusu, mkono ukasita. Kweli ulisita. Nikaulazimisha.

Jumapili, 2 Juni

Hewa ilichukua siku kadhaa kutoka. Ninaitikisa rejeta, vipovu vinapanda, naitikisa tena. Leo asubuhi hakuna hata kimoja.

Saa sita Mama akarudi, akala, saa saba akalala chumba kikubwa. Nikawasha. Nikaweka ule msitu mzito kabisa, mvua, moshi, moto, kila kitu juu. Nikasimama mlangoni kwake.

"Washa basi," akasema, macho yamefumbwa. "Nisikie."

"Imewaka, Mama."

"Washa, nasema, nisije nikasinzia."

"Imewaka tangu zamani."

Akafumbua jicho moja. Akanyanyuka, akaja pekupeku, akaona skrini inavyomulika. Akainama karibu na boksi. Akaweka kiganja kwenye rejeta, ya moto. Akatega sikio. Kutoka dirishani tulisikia mtu anapiga zulia vumbi uani, na njiwa. Basi.

"Ina nguvu zilezile?"

"Zaidi."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anapoutoa mkate wa kwanza akaugonga mgongo. Akampigia Kubat palepale: leta unga, urudi na gari tupu. Kisha akaenda kulala. Akalala.

Nimekaa mbele ya mashine bila kucheza. Sijui kwa nini machozi.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya kwanza. Saa saba na dakika kidogo alikuwa pale, mwanaume mwenye shoka, anarukaruka mbele ya mlango kama mbuzi. Nimevaa hedifoni, nimekaa, na kwa saa tatu hakuna aliyeniambia nizime chochote.

Tumepandisha paa. Tumezungumza yote. Darasa la Kikorea linaanza Julai, nilikwenda kuuliza Ijumaa, nimeacha jina. Chumba anachokifikiria kina jiko lake na kidirisha kinachotazama kituo cha treni. Nikasema mimi treni sijali, mradi mlango uwe na ufunguo. Nikasema Oktoba isipite hujamwambia, Eldiyar, karatasi za ukuta zipo chini ya kitanda changu, kila usiku nalala juu yake. Nikasema siwezi kuendelea kumwitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama. Akasema Julai. Nikasema unasema Julai kama mtu anayesema kesho. Hatukugombana. Tulikuwa tunapandisha paa.

Saa kumi nilivua hedifoni. Masikio yanawasha. Koo linauma kidogo, sijui kwa nini, feni hazipo.

Mama alikuwa ameshaamka, yuko jikoni. Chai alishaimimina mwenyewe. Nikamuuliza amelala vizuri? Akasema nyumba ilikuwa kimya.

Jumatano, 5 Juni

Mama amerudisha karatasi za ukutani dukani. Nilitoka kununua vitunguu, nikarudi, chini ya kitanda patupu. Nikauliza. Akasema rangi imemchosha.

Nikasema, si tulichagua wote, Mama?

Akasema ndiyo, tulichagua wote.

Kisha akakanda unga, na alikuwa hana zamu ya kukanda unga. Sijamwelewa. Ile rangi aliipenda. Labda joto — limeanza vibaya mwaka huu.

Eldiyar leo hakuingia, wamembadilishia zamu. Kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Ninaandikia jikoni. Sijui niandike nini kwanza.

Saa saba na nusu. Tulikuwa tumeanza tu. Nilikuwa nasema, nakumbuka neno kwa neno, "Ukimwambia Kubat kwanza, Mama akajua kutoka kwake, itakuwa aibu yetu wote wawili." Nikahisi kitu, nikageuka. Mama ameketi kwenye kitanda chetu, nyuma yangu, mikono mapajani. Sijui tangu lini. Hakuwa na uso wa usingizi.

Nikavua hedifoni. Eldiyar anaita humo, kama mdudu: halo, halo, Nurzat.

"Imewaka?" akauliza Mama.

"Imewaka, Mama."

"Siisikii."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe nakusikia," akasema. "Juzi pia. Zamani nilikuwa nasikia feni tu."

Nikasema Mama, alitaka akuambie mwenyewe. Akasema najua alitaka nini, ulimwambia mara tatu asiseme Julai kama kesho. Kwa sauti ile. Unazungumza naye kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Kumbe. Miaka miwili ya kushindana na feni. Feni zimenyamaza, mimi sikunyamaza. Nimejenga mashine mwezi mzima ili ukuta upitishe neno moja moja.

Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alinyoosha mkono akaonesha hedifoni. Nikamvalisha, juu ya kitambaa, zikambana, nikazilegeza. Nikamsogezea kiti. Akauliza, ananisikia? Nikasema anakusikia, Mama, sema tu. Akasema basi nenda kaweke chai.

Nimeweka chai. Imechemka, nimeizima, imepoa. Nimeufunga mlango nilipotoka, alivyotaka.

Nipo upande huu wa ukuta sasa. Simsikii Eldiyar hata kidogo, yumo masikioni mwake. Namsikia Mama tu, na yeye hapazi sauti, lakini mashine haisikiki kabisa, kwa hiyo namsikia vizuri.

Alianza na kikohozi. Umepona? Haya. Halafu kimya kirefu, Eldiyar anazungumza, bila shaka anazungumza mengi. Mama akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena, kama ninavyomwambia mimi.

Kisha sasa hivi, polepole:

"Na huyu wangu unataka umchukue lini?"

Sisikii anajibiwa nini.